Mgeni Anapokaribishwa Kijijini China: Sheria Inasema Nini na Mwenyeji Anabeba Mzigo Gani

Kila Mwaka Mpya wa Kichina unapokaribia, swali moja huzunguka miongoni mwa wanafunzi wa Kitanzania na Kikenya walioko Wuhan, Nanjing au Beijing, na miongoni mwa wafanyabiashara wetu wanaofuata mizigo Guangzhou na Yiwu: rafiki Mchina amenialika kwao kijijini, je, ninaruhusiwa kwenda na kulala huko? Majibu yanayotolewa hupingana. Mmoja husema kwamba mgeni haruhusiwi kabisa kulala nje ya hoteli. Mwingine husema kwamba viza ikishagongwa mtu yuko huru kwenda atakako. Wa tatu husisitiza kwamba lazima kipatikane kibali maalumu cha serikali. Kila jibu lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana yote matatu yanaendelea kuishi. Wapo walioikosa nafasi njema kwa hofu isiyo na msingi, na wapo waliofika kijijini bila kujua lolote wakamwachia mwenyeji wao, pengine bibi wa miaka sabini, usumbufu ambao ungeepukwa kwa maandalizi ya nusu siku.

Kumtembelea mkulima wa China nyumbani kwake na kulala humo ni jambo halali katika sehemu kubwa ya nchi hiyo. Hata hivyo, ziara ya namna hiyo huwa na wenyeji wawili kwa wakati mmoja: familia iliyokualika, na mamlaka ya eneo inayotaka kujua nani amelala wapi. Mkanganyiko mwingi hutokea pale mgeni anapomkumbuka mmoja na kumsahau mwingine.

Tuanze na kijiji chenyewe. Katika utawala wa China, chini ya mkoa kuna jiji lenye wilaya zake, chini ya wilaya kuna mji mdogo au tarafa, na chini kabisa kuna kijiji. Kijiji hicho cha kiutawala huwa na vitongoji kadhaa ndani yake, na kitongoji kimoja huweza kukaliwa na watu wa ukoo mmoja wenye jina moja la ukoo. Kijiji huendeshwa na kamati ya wanakijiji inayochaguliwa na wakazi, pamoja na katibu wa tawi la Chama cha Kikomunisti, na siku hizi mara nyingi mtu mmoja hushika nafasi zote mbili. Kituo cha polisi kwa kawaida hakiko kijijini bali kwenye mji mdogo, jambo linaloonekana dogo kwenye ramani lakini ambalo litakuwa na uzito mkubwa tutakapofika kwenye suala la usajili.

Neno la pili la kufahamu ni hukou, yaani daftari la kaya. Mfumo huu, uliowekwa kisheria mwaka 1958, humsajili kila raia mahali fulani, na kwa miongo mingi uliwagawa Wachina katika watu wa kilimo na watu wasio wa kilimo, huku huduma za shule, matibabu na pensheni zikifuata mgawanyo huo. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kuufuta mgawanyo wa majina hayo mawili, lakini mahali pa usajili pangali na maana kubwa. Ndiyo maana kijana aliyezaliwa kijijini mkoani Henan na kufanya kazi kiwandani Shenzhen kwa miaka kumi bado husema kwamba kwao ni Henan. Ardhi ya kijiji nayo ni mali ya pamoja ya wanakijiji. Kaya hupewa haki ya kuilima kwa mkataba na kiwanja cha kujenga nyumba, wala haiwezi kukiuza kwa mtu wa nje. Kwa hiyo nyumba ya kijijini haiuzwi pale watoto wanapohamia mjini. Hubaki, hutunzwa na wazee, na huwangoja wenye nayo warudi.

Hali hiyo inafafanua jambo ambalo wageni wengi hulishangaa. Kwa sensa ya mwaka 2020, takriban asilimia 36 ya Wachina, yaani watu zaidi ya milioni 500, walikuwa wakiishi vijijini, lakini anayefika kijijini mwezi wa Mei hukuta babu, bibi na wajukuu, na milango mingi iliyofungwa. Wazazi wa watoto hao wako viwandani na kwenye ujenzi, wakiwa sehemu ya wafanyakazi takriban milioni 300 wenye asili ya vijijini waliohesabiwa katika takwimu za serikali za mwaka 2024. Kijiji hicho hicho mwezi wa Februari hujaa magari yenye namba za mikoa ya mbali, fataki, na meza zilizosheheni chakula. Anayesema kwamba vijiji vya China ni mahame na anayesema kwamba vimechangamka kupita miji huenda wote wawili walifika mahali pamoja, ila kwa miezi tofauti.

Ziara za kijijini nazo zinatofautiana kwa aina, na kuzichanganya huzaa ushauri mbovu. Kuna kijiji cha utalii chenye lango, tiketi na maegesho ya mabasi, kama Hongcun na Xidi mkoani Anhui, vilivyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, au Xijiang mkoani Guizhou, kijiji kikubwa cha watu wa kabila la Miao. Huko mgeni ni mteja, na kila kitu kimepangwa kwa ajili yake. Kuna nyumba za wageni za wakulima, ziitwazo nongjiale, zilizoanza kujulikana katika miaka ya 1980 kwenye viunga vya Chengdu mkoani Sichuan: familia hupika chakula cha shambani, hukodisha vyumba, na hupokea hasa watu wa mjini wanaotaka kupumzika siku mbili. Na kuna nyumba ya mtu, isiyo na bango wala bei, ambamo unaingia kwa sababu mtoto wa nyumba hiyo amesema, "Njoo kwetu." Katika aina mbili za kwanza mwenye biashara ndiye anayeshughulikia karatasi. Katika aina ya tatu hakuna mwenye biashara, na hapo ndipo sheria inapomgusa mgeni mwenyewe.

Sheria inayohusika ni ya kuingia na kutoka nchini China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013. Inasema kwamba mgeni akilala hotelini, hoteli ndiyo itakayomsajili polisi. Akilala mahali pengine ambapo si hoteli, yeye mwenyewe au mtu aliyempokea lazima amsajili katika kituo cha polisi cha eneo hilo ndani ya saa 24 tangu kufika. Asiyefanya hivyo anaweza kupewa onyo na kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Huo ndio ukweli uliojificha nyuma ya yale majibu matatu. Kulala nje ya hoteli kunaruhusiwa, lakini si bila kuandikishwa. Viza inakupa ruhusa ya kuingia na kutembea, lakini haikuondolei wajibu wa kusema umelala wapi. Na kinachotakiwa si kibali cha kuombwa kabla ya safari, bali ni taarifa inayotolewa baada ya kufika. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka mgeni alivyotambulishwa kwa mjumbe wa nyumba kumi hatapata shida kuelewa nia ya utaratibu huu, tofauti ikiwa kwamba nchini China jambo hilo limeandikwa katika sheria, lina muda wake maalumu, na lina adhabu yake.

Usajili wenyewe, ukifanywa mapema, ni mwepisi na hauna malipo. Mgeni hubeba pasipoti yenye viza au kibali cha ukaazi, mwenyeji hubeba kitambulisho chake na daftari la kaya au karatasi ya nyumba, na askari huingiza taarifa kwenye mfumo. Baadhi ya maeneo, Shanghai ikiwa mojawapo, huruhusu usajili kwa njia ya mtandao, lakini katika mji mdogo ambao haujawahi kumpokea mgeni wa nje, askari wa zamu huenda hajui afungue ukurasa gani, akapiga simu wilayani na kuwaacha mkingoja. Kungoja huko si dalili ya kosa. Ushauri wangu ni kwamba rafiki aliyekualika akiulize kituo hicho kwa simu siku chache kabla ya safari, kwa sababu askari aliyeulizwa mapema hujiandaa, ilhali askari aliyeshtukizwa jioni ya mkesha wa sikukuu huona njia rahisi kuwa ni kumwambia mwenyeji ampeleke mgeni hotelini mjini.

Mara nyingi atakayelifanya jambo hili si mgeni. Ni baba au kaka wa rafiki yako, atakayeacha kazi zake, awashe pikipiki na kwenda kwenye mji mdogo kwa ajili yako. Akifanya bila kunung'unika, mgeni asidhani kwamba ni jambo dogo. Mwenyeji anakuwa ameweka jina lake kwenye kumbukumbu kando ya jina lako, na lolote utakalofanya kijijini litaulizwa kwake kabla ya kuulizwa kwako. Kwa mtu anayeishi mahali pamoja maisha yake yote, na ambaye majirani zake ni ndugu wa ukoo, dhamana hiyo ni nzito kuliko faini.

Wanafunzi wana jambo la ziada. Mwenye kibali cha ukaazi kilichotolewa kwa anwani ya chuo asidhani kwamba kibali hicho kinamfunika popote alalapo, kwani usajili hufuata mahali pa kulala. Aidha, vyuo vingi humtaka mwanafunzi wa kigeni atoe taarifa kabla ya kuondoka jijini wakati wa likizo. Na kwa kuwa sheria inamtaka kila mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi atembee na pasipoti yake, kuiacha bwenini kwa kuhofia kuipoteza ni kosa, na bila hiyo hata treni hutapanda.

Hofu kwamba vijiji vimefungwa kwa wageni haikutoka hewani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, mgeni alihitaji kibali cha kusafiri ili kufika sehemu nyingi za China nje ya miji michache iliyofunguliwa, na orodha ya maeneo yaliyofunguliwa ilipanuka taratibu mwaka hadi mwaka. Kumbukumbu hiyo imebaki, hasa kwa watu wazima wa vijijini waliolelewa wakiambiwa kwamba mgeni wa nje ni suala la serikali. Maeneo yenye masharti bado yapo. Mkoa unaojitawala wa Tibet hauingiwi na mgeni bila kibali maalumu, naye husafiri kwa mpangilio wa wakala wa utalii, kwa hiyo kwenda kulala kwa rafiki huko kwa kujiendea tu hakuwezekani. Maeneo ya kijeshi yamefungwa kabisa, na baadhi ya sehemu za mipakani huhitaji kibali. Vijiji vya Watibeti vilivyomo katika mikoa ya Sichuan, Qinghai, Gansu na Yunnan, kwa upande mwingine, havimo katika sharti la kibali cha Tibet, ingawa ni busara kuulizia hali ilivyo kabla ya kwenda.

Hadithi ya hoteli zinazokataa wageni ni ya kweli pia, ila inabadilika. Kwa miaka mingi nyumba ndogo za wageni wilayani ziliwakataa watu wenye pasipoti za nje, ama kwa kuamini kwamba zinahitaji leseni maalumu ama kwa kutojua namna ya kuwasajili. Mwaka 2024 mamlaka za China zilitoa maelekezo ya wazi kwamba hoteli isimkatae mgeni kwa kisingizio hicho. Maelekezo ya Beijing huchukua muda kufika kwenye meza ya mapokezi ya mji mdogo, kwa hiyo anayesafiri kwenda mbali apige simu kwanza badala ya kutegemea haki yake saa tano za usiku.

Liko kosa lingine ambalo huwapata hasa vijana wenye nia njema. Viza ya utalii au ya masomo inakuruhusu kutembea na kutembelea; haikuruhusu kufanya kazi. Mwenye nyumba ya wageni akikwambia uwafundishe Kiingereza watoto wa kijiji kwa malipo, au ufanye kazi ya mapokezi badala ya kulipia chumba, jambo hilo linaweza kuhesabiwa kuwa ajira haramu, na faini yake kwa mgeni ni kati ya yuan 5,000 na 20,000, huku hali ikiwa nzito mtu akiweza pia kuwekwa kizuizini. Kuhubiri dini na kugawa vitabu vya dini bila idhini kumekatazwa. Kuendesha dodoso nyumba kwa nyumba kwa ajili ya tasnifu, au kurekodi mahojiano kwa ajili ya chombo cha habari, kunahitaji taratibu zake. Mwanafunzi anayetaka kweli kusomea kijiji apitie chuo chake. Njia hiyo ipo na Waafrika wameshaipitia: Chuo Kikuu cha Kilimo cha China kina mpango wa wanafunzi wa uzamili kuishi kati ya wakulima katika wilaya ya Quzhou, mkoani Hebei, na tangu mwaka 2019 wanafunzi kutoka nchi za Afrika wamekuwa miongoni mwao, wakilala kijijini na kufanya majaribio ya mbolea na mbegu kwenye mashamba ya watu. Chuo hicho hicho ndicho kilichofanya kazi na wakulima wa mahindi wa Peapea, wilayani Kilosa, Morogoro.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Dhana ya kwanza ya kuiacha mlangoni ni kwamba kijiji cha China ni makumbusho ya umaskini. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kwamba umaskini uliokithiri vijijini umekwisha kwa kipimo chake yenyewe, na hata asiyekubaliana na kipimo hicho ataona kwa macho yake umeme katika kila nyumba, barabara ya zege hadi kitongojini, na bibi anayeuza mboga gulioni akipokea malipo kwa simu. Pengo kati ya mji na kijiji lipo, tena kubwa, hasa katika pensheni za wakulima na matibabu, lakini halionekani kwa kuangalia nyumba, kwa sababu familia nyingi huzika akiba ya miaka ya kiwandani katika nyumba ya ghorofa mbili au tatu ambayo hulala tupu karibu mwaka mzima. Mgeni anayepiga picha ya ukuta wa udongo ulioanguka na kuipa kipaumbele mbele ya nyumba mpya iliyo kando yake anawaaibisha wenyeji, nao huliona.

Baridi ndiyo inayowatesa watu wa kwetu kuliko jambo lolote. Kaskazini, nyumba nyingi za vijijini zina kitanda cha matofali kiitwacho kang, kinachopashwa moto kutoka chini, na familia hukaa, hula na hulala juu yake. Kusini mwa mto Huai hakuna mfumo wa kupasha joto wa umma, na kijijini mkoani Hunan au Jiangxi mwezi wa Januari watu hukaa sebuleni na makoti yao, miguu ikiwa karibu na jiko la makaa au hita ndogo, milango ikiwa wazi. Milango hiyo haiko wazi kwa kukudharau. Nyumba iliyofungwa siku za sikukuu huonekana kama haitaki wageni. Anayekwenda kusini wakati huo achukue nguo nzito za kuvaa ndani ya nyumba.

Heshima katika nyumba ya Kichina inafanana na yetu katika mambo ya msingi, na hapo msafiri wa Kiswahili ana faida ambayo wageni wengine hawana. Mtu mzima haitwi kwa jina lake: baba wa rafiki huitwa shushu, mama ayi, babu na bibi wa upande wa baba huitwa "yeye" (hapa ni neno la Kichina) na "nainai". Kitu hupokelewa na kutolewa kwa mikono miwili. Mzee huanza kula. Kiti kinachoelekea mlango mara nyingi ndicho cha heshima, na mgeni hangoji kukigombea bali hungoja kuonyeshwa pa kukaa. Vijiti vya kulia havisimikwi wima katika bakuli la wali, kwa kuwa hiyo ndiyo sura ya ubani unaowashwa kwa marehemu. Zawadi haiwi saa ya ukutani wala kitu kilichofungwa kwa karatasi nyeupe, kwani vyote viwili huhusishwa na msiba. Wachina wenyewe wanapotembelea ndugu hununua katoni za maziwa, matunda au mafuta ya kupikia kwenye duka la mwisho kabla ya kijiji, na mgeni akifanya hivyo ataeleweka mara moja. Akiongeza majani ya chai ya Kericho, kahawa ya Kilimanjaro au kanga, atakuwa ameleta kitu cha kusimuliwa kwa majirani.

Chakula huletwa kwa wingi usiowezekana kumalizwa, na bakuli likionekana tupu huongezwa. Kusema "nimeshiba" mara moja huchukuliwa kuwa ni adabu tu. Ni kawaida kusema mara kadhaa, huku ukiacha kidogo bakulini. Pombe kali ya nafaka, ambayo mara nyingi huwa na kilevi cha zaidi ya asilimia 50, hunywewa kwa kugonganisha vikombe, na mdogo hushusha kikombe chake chini kidogo ya kile cha mkubwa. Asiyekunywa aseme kabla ya kikombe cha kwanza kumiminwa, atoe sababu iliyo wazi kama vile dini au dawa, kisha ashiriki kugonganisha kwa chai. Anayekubali cha kwanza na kukataa cha tatu huzua swali la nani amemuudhi.

Kwa Waislamu, suala la nguruwe linahitaji uwazi zaidi kuliko watu wanavyoshauriana. Katika vijiji vya Wahan, kabila la Wachina walio wengi, nguruwe ndiyo nyama ya sikukuu, na hata sahani ya mboga huweza kupikwa kwa mafuta yake katika karai lile lile. Kusema "sili nguruwe" huweza kueleweka kwamba utaondoa vipande vya nyama na kula kilichobaki. Rafiki aliyekualika ndiye wa kuieleza familia mapema na kwa utulivu, ikiwezekana sufuria mpya inunuliwe na mafuta ya mbegu yatumike. Wachina wanaijua dini hii vizuri kuliko tunavyodhani, kwa sababu Wahui, ambao ni Waislamu, walikuwa zaidi ya milioni 11 katika sensa ya 2020. Anayetaka kukaa kijijini bila wasiwasi wa jikoni anaweza kuelekea Ningxia, au eneo la Linxia mkoani Gansu, ambako misikiti na mikahawa ya halali iko katika miji midogo.

Kuhusu rangi ya ngozi, si haki kumficha msomaji. Katika kijiji ambacho hakijawahi kumpokea Mwafrika, watu watakukodolea macho, watoto watakimbia kisha watarudi, mtu atagusa nywele, na simu zitainuliwa kukupiga picha. Sehemu kubwa ya hayo ni mshangao usio na chuki, na hupungua siku ya pili, hasa ukianza wewe kuwaamkia wazee. Sehemu nyingine ni maneno yasiyofaa, na mgeni hana wajibu wa kuyavumilia kimya. Kumwambia mwenyeji kwamba hukupenda kupigwa picha au kuguswa kunaeleweka, naye atalishughulikia kwa lugha ya pale, ambayo mara nyingi si Kichina sanifu unachojifunza darasani. Maswali kuhusu mshahara, umri na kwa nini hujaoa au kuolewa hayako katika kundi hilo. Hayo ni maswali ya kijijini, nao huulizana wao kwa wao. Jina la Tanzania nalo huweza kukufungulia mlango usioutegemea, kwa kuwa China ilituma makumi ya maelfu ya wafanyakazi na mafundi kujenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, na kizazi hicho bado kina wazee walio hai.

Wakati wa kwenda huamua mengi. Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, ndio wakati ambapo familia imekamilika, lakini ni wakati pia ambapo treni hujaa kwa siku zipatazo 40 na tiketi huisha mapema, na mkesha wake ni wa familia tupu. Isipokuwa umealikwa kwa maneno ya wazi kwa usiku huo, fika siku ya pili au ya tatu ya mwaka, ambapo kutembeleana kumeanza. Siku ya Qingming, mwanzoni mwa Aprili, ni ya kusafisha makaburi ya wazee, na mgeni haendi makaburini bila kualikwa. Mavuno ya vuli ni wakati mzuri kwa anayetaka kuona kazi za shamba, ilimradi akubali kwamba wenyeji watakuwa wamechoka na mazungumzo yatakuwa mafupi.

Linabaki suala la fedha, ambalo ndilo linaloharibu kwaheri nyingi. Kwenye nyumba ya wageni ya mkulima, lipa bei iliyotajwa na usione haya kuiulizia siku ya kwanza. Kwenye nyumba ya mtu, usiweke noti mezani wala usimtumie baba wa rafiki yako malipo kwa WeChat: atayarudisha, na utakuwa umeugeuza ukarimu wake kuwa huduma. Njia inayokubalika, hasa wakati wa Mwaka Mpya, ni bahasha nyekundu kwa watoto wa nyumba na kwa babu na bibi, yenye kiasi kisicho na tarakimu 4, ambayo huhesabiwa kuwa ya mkosi, na kiasi chenyewe ukiulize kwa rafiki yako mapema, kwa sababu kila wilaya ina kiwango chake na bahasha iliyonona kupita kawaida humlazimisha mwenyeji kuirudisha kwa namna nyingine. Huenda hata hivyo ukakuta, mkoba ukishafungwa na gari la kukupeleka stesheni likiwa linangoja, kwamba bibi amekwisha kukuwekea humo soseji, karanga na mayai ya kuchemsha ya kula njiani. Mwislamu amwombe rafiki yake azirudishe soseji kwa upole, na mayai ayapokee kwa mikono miwili.